Wauza viti wa Dar, mnatuuzia ubosi wakati sisi tunatafuta pa kukaa tushone!

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nauandika kwa hasira, tena hasira za kiunoni, kwa hiyo atakayeona ukali anivumilie. Na mods tafadhali msiuhamishie kwenye jukwaa la utani, maana najua wapo watakaocheka.

Nashona nyumbani, Tabata. Chumba kimoja nimekigeuza cha kazi: cherehani ya mota, overloki ya kufungia kingo za kitambaa, meza ya kukatia, pasi, na vitambaa vimepangwa mpaka karibu na dari. Msimu wa sare za shule, Desemba kuingia Januari, naingia humo alfajiri natoka watu wamelala. Mashine ninazo, taa ninayo, wateja namshukuru Mungu. Kilichonishinda kukipata katika jiji zima hili ni KITI.

Haya, chekeni kwanza. Mkimaliza nendeni kwa kinyozi yeyote wa mtaani. Ana kiti cha kinyozi, kinapanda na kushuka, kina pa kuegemeza kichwa na pa kuweka miguu. Daktari wa meno ana chake. Kijana wa bodaboda akinunua pikipiki, haipiti wiki siti iko kwa fundi inaongezwa sponji, inashonwa upya ikae anavyotaka yeye, na hakuna anayemwambia anadeka. Sasa fundi cherehani, ambaye kazi yake yote ni ya kukaa, anaambiwa avute kiti cha plastiki cha kukodi shughulini aweke mto juu.

Hicho kiti cha plastiki nacho kina yake. Kaa uone, kikalio kimeinamia nyuma. Kimetengenezwa kwa mtu anayesikiliza hotuba akisubiri pilau. Mtu anayeshona anainama mbele, kwa hiyo kiti kinamvuta huku na kazi inamvuta kule, na anayeamua ugomvi huo ni uti wa mgongo wako. Ukiweka mto, mto unateleza. Ukiufunga mto kwa kanga, basi umeshaanza kushonea kiti badala ya mteja.

Nikasema nijinyanyue, ninunue kiti cha maana. Nikaenda Kariakoo. Duka silitaji, yako mengi ya sampuli ile. Nikamweleza muuzaji kabisa: "Kaka, mimi ni fundi cherehani, nashona kutwa, nataka kiti cha kushonea." Akanijibu, "Dada yangu chukua hiki hapa, cha kibosi. Kinapanda, kinashuka, kinazunguka, kinalala." Kinalala! Namwambia nakwenda kufanya kazi, yeye ananiuzia pa kulala. Laki mbili na themanini ikanitoka.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo wauza viti wengi hawajui wanachouza.

Kwanza magurudumu. Ukikanyaga pedeli, mguu unasukuma mbele na mwili unarudishwa nyuma. Kama umekalia magurudumu juu ya vigae, kiti kinaondoka na wewe. Umefika kwenye kona ya kola, pale panapotaka utulivu, unakanyaga taratibu, kiti kinateleza, mshono unakwenda zake. Na yale magurudumu ya plastiki ngumu wanayotuletea ni ya kutembelea juu ya zulia. Sakafu ngumu inataka yenye mpira laini unaoshika. Ni nani katika nyinyi waagizaji amewahi kuingia chumba cha kushonea cha Dar akakuta kimetandikwa zulia ukuta hadi ukuta? Zulia lingemeza pini zote! Isitoshe, nyuzi za overloki zikidondoka zinajizungushia kwenye mhimili wa gurudumu mpaka linakwama. Unatoa uzi kwa kiwembe, umelala chini, mteja anapiga hodi.

Pili mikono. Bosi anahitaji mikono ya kiti kwa sababu anaegemea akiongea na simu. Mimi mikono yangu iko kwenye kitambaa. Ile ya kiti inagonga ukingo wa meza kabla tumbo langu halijafika, kwa hiyo nakaa mbali na sindano, nanyoosha shingo kuifuata. Jioni shingo imekuwa gogo. Na ukiwa na gauni la harusi, mita na mita za kitambaa zinapita mapajani na pembeni, kila mkunjo unanasa kwenye mkono wa kiti.

Tatu, hili ndilo lililonitoa machozi. Ngozi bandia. Joto na unyevunyevu wa pwani vinaila taratibu, lile tabaka la juu linaachana na kitambaa cha chini na kuanza kuchunika. Ofisini hilo ni jambo la aibu tu. Kwa mtu wa kushona ni hasara, kwa sababu vile vipande vyeusi vinaganda kwenye kazi. Nimekesha nikibandua magamba meusi kwenye shela nyeupe ya bibi harusi, kimoja kimoja, kwa selotepu, na harusi ni kesho yake. Bibi harusi hajui mpaka leo. Kama anasoma hapa, mdogo wangu, shela ilikuwa safi.

Halafu kikaanza kushuka chenyewe. Ndani ya ile nguzo kuna gesi ya naitrojeni iliyobanwa. Mpira unaoiziba ukichakaa gesi inavuja, na kiti kinazama nayo. Naanza asubuhi nikiwa fundi, ikifika saa nne naichungulia meza kama mtoto anayesubiri maandazi.

Nikarudi dukani. Nilipokelewa na nini? Na maandishi ya chini ya risiti: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Maandishi ambayo nimeonyeshwa pesa ikiwa imeshaingia droo! Nikamwambia kaka, nilikueleza kazi yangu kabla sijatoa hata senti. Akasema, "Si ulikaa mwenyewe ukasema kizuri?" Ndiyo, nilikaa dakika mbili, dukani, bila cherehani mbele yangu. Sasa kwa faida ya wengine: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtambua mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na kutegemea ujuzi wake. Bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo. Na ipo Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, inayopokea malalamiko ya walaji. Barua yangu nimeshaandika, naambatanisha picha za magamba.

Mtasema, si uende Keko kwa mafundi seremala ukatengenezewe? Nimekwenda!

Na niseme ukweli, Keko wanajua mbao. Mninga wanaujua, mkongo wanaujua, mtiki wanaujua, kitanda cha sita kwa sita watakuchongea ukirithishe. Lakini mwambie fundi wa Keko kipimo cha sentimita uone uso wake unavyokuangalia. Mimi nilimpelekea karatasi. Meza yangu ina sentimita 76. Kwa urefu wangu nataka nikishakaa, kikalio kiwe sentimita 48 kutoka sakafuni, maana pedeli nayo iko juu ya sakafu, miguu haikanyagi chini kabisa. Kina cha kikalio 40, nikiegemea vibaki vidole vitatu kati ya ukingo na nyuma ya goti. Ukingo wa mbele uviringwe. Pasiwe na mikono. Egemeo liwe fupi, linishike kiuno, mabega yawe huru. Fundi akaisoma karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema neno ambalo sasa nikilisikia popote napata homa: "Usijali."

Kiti kikaja baada ya njoo Jumamosi nyingi. Kizuri kwa macho, vanishi inawaka. Nikakaa, miguu ikaning'inia! Nikachukua futi kamba nikapima: 56. Fundi, tulisema 48. Akanijibu bila hata kupepesa macho, "Dada, fremu ndiyo hiyo 48, pima mwenyewe. Sponji nimekuongezea." Yaani alipima fremu tupu, kisha akapachika sponji ya sentimita nane juu yake. Nikamwambia mimi nakalia fremu? Akasema, "Usijali, sponji likikaliwa litashuka."

Na kweli lilishuka, kwa sababu lilikuwa sponji jepesi la mito ya urembo. Mjue jambo hili, ndugu zangu: unene wa sponji haukwambii kitu. Muulize uzito wake, kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo. Za kilo 16 mpaka 20 ni za kuegemea na kupambia. Pa kukalia kutwa takeni kilo 28, 30 kwenda juu. Fundi akishindwa kukujibu, bonyeza kwa ngumi. Ukiigusa mbao ya chini, na makalio yataigusa hiyo hiyo, tena mapema. La kwangu lilikuwa limelala katikati kabla msimu wa sare haujaisha, pembeni limebaki juu, nikawa nakalia bakuli. Yale mapaja yaliyoinuliwa na ukingo yanakufa ganzi, ukisimama unashika meza kwanza ndipo utembee.

Nikimlalamikia jirani ananiambia, "Kiti tu hicho, mama, si ukae popote." Hapo ndipo ninapowaka. Fundi wa nondo haambiwi "koleo tu hilo". Kwa nini cha mtu anayeshonea nyumbani ndicho kinachoitwa "tu"? Au kwa sababu wengi wetu ni wanawake, na kazi ikifanyiwa ndani ya nyumba inahesabiwa kuwa ni kujishughulisha? Ada za shule zinalipwa na kujishughulisha huko, jamani.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu, nashukuru, hata ya wale wa kejeli.

Mdau aliyesema bibi zetu walishonea mkekani na hawakulalamika: bibi aliyekaa mkekani alikuwa anashona kofia kwa mkono. Anakunja mguu, anaunyoosha, anajigeuzia upande wa kivuli, kazi anaibeba popote. Mimi nimefungwa sehemu tatu kwa wakati mmoja, mguu kwenye pedeli, mikono pande mbili za sindano, macho hapo hapo kwenye uzi. Siwezi kujigeuza bila kuharibu. Ndiyo maana kiti kinifuate mimi. Na kwa kazi za mkono, kupindia na kutia vifungo, wala sihitaji kiti hiki, nina stuli fupi ya kamba niliyorithi na inanitosha kabisa.

Uliyeniambia ninunue vile viti vya wacheza gemu: kaka, egemeo lile limetengenezwa mtu alale nyuma kama yuko kwenye gari la mashindano. Mwenye kushona anainama mbele. Bei yake ningeongezea overloki ya pili.

Aliyeuliza kwa nini nisikirekebishe kile cha Kariakoo kwa kubadilisha magurudumu, wewe ndiye mtu wa maana kwenye uzi huu wote. Ni kweli, magurudumu yale yanachomoka kwa kuvutwa, na ipo miguu isiyozunguka inayoingia tundu lile lile. Shina lake, kile kichuma kinachoingia tunduni, kwa kawaida lina unene wa milimita 11, lakini pimeni la kwenu kwanza. Mikono nayo inafunguliwa bolti. Nguzo ya gesi inauzwa peke yake na inabadilishika. Ngozi bandia unaichuna yote, unavalisha kitenge au turubai nzito, na hilo mimi sihitaji kumlipa mtu. Nitafanya hivyo. Lakini tukubaliane: nimenunua kiti cha laki mbili na themanini, nikatoa magurudumu, nikatoa mikono, nikatoa nguzo, nikatoa ngozi. Sasa niliuziwa nini?

Kwa wanaotaka kununua wiki hii, nendeni na futi kamba, na mkiweza nendeni na pedeli yenu ndani ya mfuko. Msione haya. Wekeni chini pale pale dukani, kaeni, kanyageni, nyosheni mikono kama mnashona. Visigino vitue, magoti yasipande juu ya nyonga, mabega yasinyanyuke. Na neno "nashonea cherehani" mwambieni muuzaji aliandike kwenye risiti kabla hamjalipa. Akikataa, ondokeni.

Na kama kuna fundi humu, wa Keko, wa Buguruni, wa popote, anayeweza kusoma namba kwenye karatasi, vipimo vyangu ndivyo hivyo hapo juu. 48 ni juu ya sponji, nikiwa nimeshakaa. Mbao iwe imekauka, misumari isitokeze ikanichania shifoni. Kianzio natoa nusu, inayobaki nalipa baada ya kukikalia mbele ya cherehani yangu. Aje PM na picha ya kazi zake. Atakayeanza na "usijali" sitamjibu.