Naomba ushauri: nawashirikishaje wanafunzi kwenye utafiti wa polima janja?

Ticha_Pwani: Habari zenu wakuu. Nafundisha kemia kidato cha tano, huku Tanga. Wiki iliyopita nilichana pampasi mpya mbele ya darasa, nikakung'uta ule unga mweupe kwenye bilauri, nikamimina maji. Unga ule ndio polima janja: molekuli ndefu kama minyororo, zinazobadilika hali inayozizunguka ikibadilika. Yakaganda. Nikaipindua bilauri, halikudondoka hata tone. Nilipotia kijiko cha chumvi, ile jeli ikalegea ikawa majimaji. Makofi! Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, na maji ya bahari je?" Kengele ikalia, nikamwambia tutaona. Swali lile linanikera rohoni mpaka leo. Sitaki wawe watazamaji, nataka wachunguze wenyewe. Ila mizani ni moja na mtihani umekaribia. Nianzie wapi?

Kemia_Daima: Ticha, anza na swali la huyo binti. Toeni majani yaliyomo kwenye vifuko vya chai, kila kifuko kitiwe gramu 0.2 za unga, kishonwe. Kimoja kwenye maji ya mvua, kingine ya bomba, kingine ya bahari. Nusu saa, ning'inizeni vichuruzike, kisha pimeni. Wapime pia kifuko kitupu kilicholowa, uzito wake wautoe kwenye kila kipimo. Mizani moja inatosha kabisa, wapokezane. Usiwape jibu mapema. Wakishaona tofauti ndipo uwaeleze kuwa minyororo ya sodiamu poliakrileti, yaani ule unga, ina chaji hasi zinazosukumana, na ioni (chembe zenye chaji) zilizomo ndani ndizo zinazovuta maji. Chumvi ikizidi nje, mvuto ule unapungua.

BintiMwani: Mwalimu wangu, sie Pemba polima janja tunaivuna baharini. Mwani wa kotonii una karajinani aina ya kapa, polima inayogandisha maji. Uoshe vizuri, uchemshe mpaka ulainike, uchuje kwa kitambaa, utie chumvi ya potasiamu kidogo. Ukipoa unaganda, ukiupasha moto unayeyuka tena. Mama yangu analima mwani miaka yote na hakuna skuli iliyowahi kumwambia kuwa hiyo ni kemia. Waalikeni wakulima darasani, tafadhali.

Fundi_Maabara: Nakazia. Otto Wichterle, mkemia wa Prague, Krismasi ya 1961 alitengeneza nyumbani kwake mashine ya lenzi laini za macho kwa vipande vya mchezo wa watoto wa kuunganisha vyuma. Lenzi zenyewe ni jeli ya polima! Kwa hiyo vifaa duni visikukatishe tamaa. Angalizo: vumbi la unga ule lisivutwe puani, na jeli isimwagwe kwenye sinki, itaziba bomba. Itupwe kwenye pipa la taka.

Ticha_Pwani: MREJESHO. Tumefanya jana baada ya vipindi. Kifuko cha maji ya mvua kilituna hadi uzi ukaanza kufumuka. Cha bahari kilibaki kimenywea. Yule binti ndiye aliyeshika daftari la vipimo, hakutaka kumwachia mtu. Sasa wanabishana kama ni ile chumvi au ni kitu chochote kinachoyeyuka. Kesho wanajaribu sukari.