Kuchora Kariakoo ya zamani kwa rangi za maji: papo hapo, kwa picha au kwa kumbukumbu?

Mwana_wa_Narungombe
Habari zenu wakuu. Nimekulia Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: korido katikati, uwani nyuma, baraza mbele. Iliuzwa, ikabomolewa, sasa pana ghorofa na maduka ya nguo chini. Nataka kuchora picha kama nane za mtaa ule kwa rangi za maji. Njia tatu nimejaribu, zote zimenigomea. Nilipokaa papo hapo nilichora ghorofa, si kwetu. Nilipofuata albamu ya mama, zikatoka zimekauka kama picha za pasipoti. Kwa kumbukumbu zinapendeza, ila paa halikai juu ya kuta. Ninyi mnafuata ipi?

BrashiMbichi
Picha, hakuna mjadala. Kumbukumbu inadanganya vipimo. Uwani kwetu niliuchora mpana kama uwanja wa mpira. Picha ilipopatikana, kumbe kamba mbili za nguo zinaujaza.

Mzee_Gerezani
Picha nazo zinadanganya, kijana. Nyingi za rangi za miaka ya 1970, samawati yake imefifia, zimebaki wekundu mtupu. Niliwahi kufuata moja kwa uaminifu kabisa, dada yangu akaniuliza, "Hapa kulikuwa na moto?" Ule ukuta ulikuwa chokaa ya kijani! Siku hizi picha naichukulia mistari tu: mwinamo wa paa, kimo cha mlango, nguzo za baraza ni ngapi. Rangi nawauliza watu.

BintiIlala
Shikamoo mzee. Ila papo hapo msipadharau. Nenda Jumapili asubuhi na mapema, machinga hawajapanga meza, na usichore jengo hata moja. Chora mwanga tu. Jua la Dar la mchana liko utosini, kivuli kinajibana chini ya ukingo wa paa. La asubuhi linalala mtaani kote. Hicho albamu haikupi. Tena Soko la Kariakoo la 1975, lile alilolibuni msanifu majengo Beda Amuli, na zile kofia zake za zege kama miavuli, ukilichomoza kidogo tu nyuma ya mapaa, hakuna atakayeuliza ni wapi.

Masika kaa nyumbani lakini. Tabaka la kwanza halikauki, utachoka kupuliza.

FundiKaratasi
Mnabishana njia, hakuna aliyeuliza karatasi. Ya gramu 200 kwa mita ya mraba, maji kidogo tu inajikunja kama chapati. Chukua ya pamba, gramu 300. Bei inauma, lakini kutu ya bati ndipo inapotoka: lowesha paa lote, dondosha sienna iliyochomwa, ile kahawia nyekundu, iache itambae yenyewe, kisha buluu kidogo ingali mbichi. Karatasi ya bei rahisi inakauka mapema na kukuachia mistari ya kingo. Na baraza lenye jua usiliguse kwa brashi. Weupe wa karatasi ndio chokaa yako.

BrashiMbichi
Haya, kwenye rangi mzee kanishinda. Kwenye vipimo sisogei.

Mwana_wa_Narungombe
Asanteni sana. Mzee, shikamoo. Jana nimekaa na mama, albamu mezani, mimi nachora mistari kwa penseli, yeye anataja rangi. Mlango akasema buluu. Dada akasema kahawia. Wakabishana mpaka chai ikapoa, kumbe ulipakwa mara mbili, buluu ilikuja na harusi ya mjomba. Basi nitachora milango miwili.

Kilichonishangaza ni mwarobaini wa mbele ya baraza. Albamu nzima hauonekani hata tawi, na sisi wote tumelelewa chini yake. Mama akacheka: mpiga picha alikuwa anasimama hapohapo kivulini, sisi ndio tunakunja nyuso juani. Huo nitauchora kwa kumbukumbu.

Mzee_Gerezani
Marahaba. Uchore na kivuli cha mpiga picha.