Mrejesho: CT ya figo ya mama na lile swali la mifupa

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri. Niliuliza kama CT ya tumbo (picha za mionzi zinazoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande) aliyopigwa mama yangu wa Newala kutafuta mawe ya figo inaweza pia kusema hali ya mifupa yake, maana mgongo unapinda na kimo kinapungua.

Inaweza, tena bila mionzi mingine. Daktari wa mionzi hapa Mtwara mjini alifungua picha zilezile, akatafuta pingili ya kwanza ya kiuno kwenye uti wa mgongo, akachora kiduara kwenye mfupa wa ndani wenye vitundu, akikwepa ganda la nje. Ikatoka 84 kwa kipimo cha Hounsfield, namba za CT zinazoonyesha kitu kimeshikamana kiasi gani, ambacho maji ni 0. Ikizidi 160 mara nyingi hawana shaka; chini ya 100 wanashuku osteoporosisi (mifupa kudhoofika na kuvunjika kirahisi). Pingili ya juu yake imebonyea mbele kama kabari, yaani imevunjika. Mama akashangaa: “Kumbe nimevunjika huku nabangua korosho?”

Aliyeonya kwamba dawa ya mshipani ya kung'arisha picha hupandisha namba yuko sahihi, mama hakuchomwa. Mliosisitiza DEXA (picha ya mionzi kidogo ya kupima uzito wa mifupa), kweli ndicho kipimo cha kawaida (alama yake ya T ikiwa -2.5 kushuka ni osteoporosisi), ila chokaa kwenye mshipa mkuu wa damu huweza kupandisha namba yake kwa wazee. CT hukwepa hilo. Lakini kuipiga kwa ajili ya mifupa tu, mimi sishauri, mionzi yake ni mingi.

Kwa kuwa pingili ile imeshavunjika, daktari hakungoja DEXA. Kamtoa mama damu ya kupima kalsiamu na vitamini D, dawa zitafuata majibu.