Ukoo wa Langoni: nani aliyehama upande?

Salma: Assalaam aleikum nyote, shikamooni. Samahani kwa kuwasumbua usiku. Nina insha ya historia ya kupeleka Jumatatu, sababu na matokeo ya vita vya uwakala vya mataifa makubwa. Darasa zima wanaandika Korea na Vietnam. Mimi nataka vya karibu. Ami Mwalimu uko macho?

Athman: Vita vya uwakala ndiyo vipi? Kama uwakala wa M-Pesa? 😂

Salma: Hivyo hivyo kaka. Kibanda chako, pesa za mwingine: wadogo wanapigana, wakubwa wanatoa silaha.

Athman: Na majambazi wakija anayepigwa panga ni wewe 😂

Ami Mwalimu: Marahaba mwanangu. Niko macho, mbu wa leo hawana adabu. Athman umecheka lakini umesema kweli. Salma, andika vita vya Ogaden, kati ya Somalia na Ethiopia, 1977 hadi 1978. Vilipiganwa hapa kaskazini yetu, na matokeo yake unakula nayo sinia moja. Muulize shangazi yako.

Shangazi Mwanaesha: Leo mimi nimekuwa "matokeo"?

Ami Mwalimu: Nisamehe shemeji yangu, kalamu ya ualimu haijaisha wino.

Bi Zena: Kabla hamjafika mbali. Hitima ya marehemu babu ni Ijumaa na waliotoa mchango ni watu 9. Tisa! Ukoo huu ukipigwa picha haujai kwenye simu.

Athman: Natuma kesho nikishusha abiria Mokowe.

Bi Zena: Hiyo kesho yako naijua.

Ami Mwalimu: Salma, anza na bendera ya Somalia. Ile nyota ina ncha tano, na kila ncha ni ardhi ya Wasomali: ya Mwingereza kule Hargeisa, ya Mwitaliano kusini, Jibuti ya Mfaransa, Ogaden iliyo ndani ya Ethiopia, na kaskazini mashariki mwa Kenya. Mbili za kwanza ziliungana 1960. Tatu zikabaki nje, na kila aliyetawala Mogadishu alizitazama hizo tatu kama mtu anayetazama shamba la babake lililouzwa akiwa mtoto. Vita vya shifta vya kuanzia 1963, vya Wasomali wa Kenya waliotaka kujiunga na Somalia, vilitoka hapo. Watu wetu wa upande wa Kiunga, mpakani, walioacha mashamba wakaja Lamu na Malindi, walikimbia ncha ya tano.

Salma: Kumbe chanzo si mataifa makubwa?

Ami Mwalimu: Chanzo ni mpaka. Sasa waje wenye fedha. Jenerali Siad Barre alipindua serikali ya Somalia Oktoba 1969, akamkumbatia Mrusi. Mrusi akapata bandari ya Berbera, pale meli zinapoingilia Bahari ya Shamu. Barre akapata vifaru, ndege na washauri wa kulifunza jeshi. 1974 wakatia saini mkataba wa urafiki. Ethiopia nayo ilikuwa ya Haile Selassie, na Haile Selassie alikuwa mtu wa Mmarekani. Mmarekani alikuwa na kituo chake cha mawasiliano Asmara, ambayo leo ni Eritrea, kikiitwa Kagnew.

Athman: Kwa hiyo Mrusi Mogadishu, Mmarekani Addis.

Ami Mwalimu: Ishike hivyo hivyo, usiiachie. Septemba 1974 wanajeshi wakamng'oa Haile Selassie. Wakaanza kulana wenyewe kwa wenyewe mpaka Februari 1977 akabaki afisa mmoja, Mengistu. Huyu akajitia ukomunisti. Carter, rais wa Marekani, ndiyo kwanza ameingia madarakani, akampunguzia misaada kwa sababu ya mauaji. Aprili Mengistu akafunga Kagnew na kuwafukuza Wamarekani, Mei yuko Moscow anabisha hodi.

Athman: Ngoja. Mrusi sasa ana wake wawili?

Ami Mwalimu: Wake wawili na shamba moja. Machi mwaka huo Fidel Castro wa Kuba alikwenda Aden, Yemeni Kusini, akawakutanisha Barre na Mengistu, akawaambia sote ni wasoshalisti, fanyeni shirikisho. Barre hakutaka. Mchana alikuwa msoshalisti, lakini usiku akilala anaota ile nyota.

Julai 1977 jeshi lake likaingia Ogaden. Septemba likatwaa mji wa Jijiga, karibu Ogaden yote ikawa yake. Likakwama kwenye miji ya Harar na Dire Dawa. Mrusi ikabidi achague, akachagua Ethiopia: watu wengi mara nyingi zaidi, na bandari za Massawa na Assab, zama hizo zikiwa zake. Tarehe 13 Novemba Barre akawafukuza washauri wa Kirusi na kuvunja uhusiano na Kuba. Yakaja madege kwa meli kupeleka silaha Ethiopia, za kama dola bilioni 1, na wanajeshi wa Kuba zaidi ya 10,000. Aliyesimamia vita upande wa Mrusi ni jenerali mmoja, Vasily Petrov. Fikiria, Salma: Mrusi alilijua jeshi la Barre bunduki kwa bunduki, maana alilifunza mwenyewe! Machi 1978 Jijiga ikarudi kwa Ethiopia, na tarehe 9 Barre akatangaza kuondoa majeshi.

Mama Salma: Shemeji, mtoto alale. Ana zamu ya kufagia darasa asubuhi.

Salma: Mama dakika tano tu 🙏🏾

Athman: Na Mmarekani alikuwa wapi?

Ami Mwalimu: Julai ile alimwashiria Barre kwamba silaha za kujilinda zingepatikana. Jeshi lilipovuka mpaka akaufyata. 1980 akarudi, akapewa Berbera ile ile aliyokuwa nayo Mrusi. Na mwaka huo huo sisi Kenya tukamruhusu kutumia bandari ya Mombasa.

Athman: Yaani walibadilishana viti kama abiria wa boti wanaokimbia jua. Wazungu hawa! Wao ndio waliotuletea vita vyote hivi.

Ami Mwalimu: Hapo nakupinga mwanangu. Kauli hiyo ni tamu, lakini inawavua nguo Barre na Mengistu kisha inawavisha kanzu nyeupe. Barre hakutumwa Ogaden na Moscow, Moscow ilimkataza! Wakala ana tamaa yake mwenyewe, na kuna wakati yeye ndiye anayemvuta tajiri wake. Walilofanya wakubwa ni jingine: ugomvi wa malisho na mpaka, ambao ungepiganwa kwa bunduki za zamani ukachoka wenyewe, ukaletewa vifaru pande zote mbili. Salma, hii iandike kwa maneno yako, usininakili.

Na usisahau Kenya. Sisi tulikuwa marafiki wa Mmarekani, tunamchukia mkomunisti. Vita vilipoanza tulisimama na nani? Na Mengistu. Kwa nini?

Salma: Ncha ya tano!

Ami Mwalimu: Barikiwa. Mkataba wa ulinzi na Ethiopia ulianza zama za Haile Selassie, ukahuishwa 1979 na Mengistu huyo huyo.

Athman: Haya, nimesalimu amri. Lakini waliouza silaha wamelala usingizi mzuri.

Ami Mwalimu: Hilo silikatai.

Salma: Matokeo sasa. Shangazi?

Shangazi Mwanaesha: Miye siyui habari za Jijiga. Nilikuwa mtoto Chula, kisiwani Somalia, Kismayu ndio muyi wetu mkubwa. Hizo zita tulizisikia redioni tu. Samaki walikuwa wale wale, bahari ile ile. Watu wazima walisema jeshi limeshindwa, kisha wakanyamaza, maana kusema kulikuwa na bei. Zita zenyewe zilitufikia miaka kumi na tatu baadaye.

Ami Mwalimu: Naomba niingie kidogo. Jeshi lililoshindwa lilirudi na hasira. Aprili 1978 maafisa wakajaribu kumpindua Barre. Akaanza kutawala kwa ukoo huu dhidi ya ule. Wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Ogaden wakajaa kambini. 1988 alipatana na Mengistu, na mwaka huo huo ndege zake zikaupiga Hargeisa, muyi wa nchi yake. Januari 1991 akakimbia Mogadishu. Mei Mengistu naye akakimbilia Zimbabwe. Na Urusi ile ya Kisovieti haikumaliza mwaka.

Athman: "Muyi" badala ya mji 😂 Ami umeambukizwa Kibajuni.

Shangazi Mwanaesha: Mwache aseme vizuri. Basi Barre alipokwenda, silaha hazikwenda naye. Wakaya kisiwani vijana wana bunduki, sisi hatuna hata moja. Wakachukua mashine za boti, nyavu, dhahabu za mama. Bunduki zile baba alizijua, alisema hizi ni za Mrusi, alizionaga kwa askari Kismayu zamani. Tukaondoka usiku kwa mashua, mayi galoni mbili, mpaka Kiunga. Mtoto wa ndugu yangu hakufika.

Mama Salma: Allah amrehemu.

Bi Zena: Amin. Amin.

Athman: Shangazi, hii hujawahi kutwambia.

Shangazi Mwanaesha: Hamkuuliza. Baadaye tukapelekwa Mombasa, kambi ya Jomvu. Huko tukipewa mahindi na mafuta ya kupikia, kopo kubwa limeandikwa USA. Baba alicheka siku ile, kicheko chake cha kwanza tangu Chula. Alisema, "Yule katuletea bunduki, huyu katuletea mafuta. Nani ataniletea mashua yangu?"

Salma: Shangazi naweza kuiandika hiyo?

Shangazi Mwanaesha: Andika. Jina la baba usitie.

Athman: Na kopo lenyewe?

Bi Zena: Mnaniuliza mimi sasa. Liko jikoni kwangu, mama yake Mwanaesha alilileta bintiye alipoolewa hapa. Maandishi yamefutika imebaki herufi S. Ndilo nitakalopimia mchele Ijumaa, kama mchele utanunuliwa. Waliotoa bado ni 9.

Athman: Nimetuma. Angalia simu.

Bi Zena: 10.