MJADALA: Je, .45 ihamie fataki ndogo moja kwa moja?

Mleta mada

Wakuu, habari za wikendi. Mada hii ni ya wenzetu wa huku Marekani wanaojijazia risasi nyumbani (kuchukua ganda lililokwishapigwa na kulitia fataki, baruti na kichwa kipya), wawe wa kulenga shabaha au wa kuwinda kulungu. Mlioko nyumbani someni kwa kujifunza tu. Kenya na Tanzania kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, asije mtu akasema tulimponza. Huku sheria ya shirikisho haidai leseni kwa anayejaza kwa matumizi yake mwenyewe. Leseni inadaiwa ukianza kuuza, na majimbo nayo yana ya kwao.

Kwa asiyejua: fataki ni kile kikombe kidogo kilichobanwa kwenye kitako cha ganda. Pini inakigonga, kinatema moto kupitia kitundu, baruti inawaka. Kuna saizi mbili tunazotumia karibu wote: ndogo, upana wa 4.45 mm, na kubwa, 5.33 mm. Mjazaji hachagui mbele ya mashine, aliyetengeneza ganda alishamchagulia. Risasi ya bastola ya 9mm ni ya fataki ndogo. .45 ACP, hii .45 ya bastola tunayoijadili, tumeizoea ya fataki kubwa, na vizazi vya wajazaji vimepita hawajui nyingine.

Sasa viwanda vimeanza kutoa .45 zenye fataki ndogo. Zilianzia kwenye risasi zisizo na sumu ya risasi (namaanisha yale madini), halafu zikaingia kwenye maboksi ya kawaida kabisa, Federal na Blazer zikiwemo. Wajazaji wengi wamekasirika. Mimi nasema hasira hiyo haina msingi: .45 yote ihamie ndogo, tuachane na kubwa.

Hoja ya wanaopinga siku zote ni kwamba ganda kubwa linataka moto mkubwa. Haya, tutazame. Risasi ya bastola ya .40 S&W ilitoka mwaka 1990, na ni 10mm Auto iliyokatwa ikawa fupi. 10mm inatumia fataki kubwa, .40 ikapewa ndogo, na inafanya kazi kwa shinikizo la hadi psi (pauni kwa inchi ya mraba) 35,000. .45 ACP mwisho wake ni psi 21,000. Hamtaki .40? Basi chukueni .454 Casull, ambayo ni mtoto wa .45 Colt. Mama anatumia fataki kubwa ya bastola, mtoto anabeba baruti nyingi zaidi, anafika psi 65,000, na anawashwa na fataki ndogo ya bunduki. Kama kidogo kinawasha Casull, kitashindwaje na kibaruti cha .45?

Nawasilisha. Nipingeni kwa hoja.

Fundi wa Maganda

Mkuu mleta mada, fizikia yako haina shida. Nitakupinga kwenye sakafu ya uwanja wa shabaha.

Wengi wetu hatununui maganda mapya. Tunaokota. Jioni unarudi na ndoo ya .45, ndani kuna Winchester, Federal, Blazer, na vitu visivyo na jina. Zamani ndoo ile ilikuwa mali safi. Leo kila ganda lazima uligeuze uangalie kitako, na maandishi hayakusaidii kwa sababu kampuni ileile ina maganda ya aina zote mbili. Unatazama kipenyo kwa jicho, chini ya taa, moja baada ya jingine. Na moja litakuponyoka tu.

Sasa lile lililoponyoka linafika kwenye mashine ya mzunguko (ile inayojaza maganda kadhaa kwa mpini mmoja) iliyotegeshwa fataki kubwa. Unasukuma mpini, unagoma. Sio mgomo wa kawaida, ni kama umegonga ukuta laini. Mjazaji mwenye akili anaacha hapohapo. Mwenye haraka anaongeza nguvu ya bega, na anachokifanya ni kuiponda fataki iliyo hai kwenye shimo ambalo haiwezi kuingia. Ikilipuka peke yake utashtuka na kuchafuka. Lakini juu yake kuna mrija umejaa fataki nyingine zimepangana, na moja ikiwaka chini zinaweza kufuatana zote. Watengenezaji wa mashine wanaufunika mrija ule kwa bomba la chuma, na hawakuliweka kama pambo.

Kwa hiyo swali langu si kama ndogo inawasha. Inawasha, nakubali. Swali langu ni nani aliyeomba mabadiliko haya? Sio sisi. Kiwanda kimepunguza mzigo wake wa aina za fataki, na kazi ya kuchambua kimetutupia sisi.

Kijana wa 9mm

Naunga mkono hoja ya mleta mada. Nina bastola mbili, 9mm na .45. Fataki za aina moja, kabati moja, habari kwisha.

Kaka wa Minnesota

Ndugu zangu, msije mkachukua hoja ya .45 mkaipeleka kwenye bunduki za kuwindia. Kule mambo ni mengine, na naona kwenye mitandao watu wanachanganya.

Mfano mzuri ni risasi ya bunduki ya 6.5 Creedmoor. Hornady waliitoa mwaka 2007 ikiwa na fataki kubwa. Baadaye Lapua wakaja na maganda ya risasi hiyohiyo yenye fataki ndogo, na kitundu cha moto wakakifanya 1.5 mm badala ya 2 mm ya kawaida. Watu wa shabaha ya mbali waliyashangilia, na wana sababu. Kitako cha ganda kinabaki na nyama nyingi zaidi kuzunguka shimo, hivyo shimo halilegei haraka hata ukijaza ganda lilelile mara nyingi. Wengi wao pia wanaona kasi ya risasi inalingana vizuri zaidi kutoka moja hadi nyingine. Wapiga .308 wa mashindano ya shabaha ya mbali yaitwayo Palma walikuwa na maganda ya namna hiyo kabla haya ya Creedmoor hayajatoka.

Lakini mashindano yale mengi ni ya jua. Mimi nawinda Novemba, kipimajoto kiko chini ya sifuri tangu alfajiri, bunduki imelala kwenye gari usiku kucha. Baruti ikiganda baridi inakuwa ngumu kuwaka, na zile za chembe za mviringo ndizo zenye kiburi zaidi. Hapo fataki ndogo inaweza ikagonga, kisha kimya, kisha ndiyo mlipuko unakuja. Ule ukimya wa katikati ni hatari kuliko kutolipuka kabisa, kwa sababu mkono wako tayari unaelekea kwenye bolti. Ikikutokea, mdomo wa bunduki ubaki umeelekea shabaha, na usifungue mpaka umesubiri vya kutosha.

Jingine dogo: ukinunua maganda ya Lapua hayo, badilisha pini ya kutolea fataki kwanza. Ya kawaida ni nene kuliko kile kitundu. Itapinda au itakatikia ndani, na utalaumu ganda bure.

Kwa .45 sina neno. Baruti yake ni kidogo na inawaka haraka, baridi haiisumbui kihivyo.

Dada wa Ukumbini

Naona mnaongelea mashine na ndoo, mmesahau hewa.

Nafanya kazi kwenye ukumbi wa ndani wa shabaha. Fataki ya kawaida ina mchanganyiko wa madini ya risasi, bariamu na antimoni. Kila mlio unarusha vumbi la madini hayo usawa wa pua, na kitako cha risasi yenyewe nacho kinaongeza lake. Anayekuja Jumamosi moja kwa mwezi anaweza asihisi kitu. Anayefagia sakafu ile kila siku ndiye anayepimwa damu. Nguo zangu za kazi siziweki mashine moja na za mtoto.

Kwa hiyo zile .45 zisizo na madini ya risasi ambazo Fundi anazilalamikia hazikutoka hewani. Mchanganyiko wake ni tofauti, pigo lake ni kali na la haraka, na hata kitundu cha moto kwenye baadhi ya maganda yale kilipanuliwa. Ukiona .45 yenye fataki ndogo na kitundu kipana kuliko kawaida, ujue ilikotoka. Nawaombeni muwe wakweli: hasira yenu ni ya usumbufu wa kuchambua maganda. Ni usumbufu kweli, ila usiitwe dhuluma.

Fundi wa Maganda

Dada, nimekuelewa na pole kwa kazi. Ila angalia: ile Blazer ya kawaida ina fataki ndogo na madini ya risasi yamo vilevile. Sababu ya afya ilifungua mlango, hesabu za kiwanda ndizo zikapita.

Mchumi wa Garaji

Hapo Fundi umegusa penyewe. Tuzungumzie soko.

Kabla ya 2020 fataki elfu moja ulizipata kwa dola 30 hadi 40. Ikaja korona, watu wakanunua silaha kama mkate, na bei ikavuka dola 100 kwa wale walioamua kukomoa. Rafu zilikuwa tupu. Huku kwangu ndogo za bastola zilianza kuonekana tena kwanza, kwa sababu dunia nzima inapiga 9mm na viwanda vinakimbilia zinazouzika. Kubwa za bastola zilibaki hadithi. Aliyekuwa na .45 za fataki kubwa tupu aliweka bastola kabatini.

Halafu tazama nani anazitengeneza. Majina makubwa ya Marekani ni manne: CCI, Federal, Remington na Winchester. Remington ilipofilisika mwaka 2020, biashara yake ya risasi ilinunuliwa na kampuni iliyokuwa tayari na CCI na Federal. Mwaka 2024 matatu hayo yakauzwa kwa pamoja kwa Czechoslovak Group ya Jamhuri ya Czech. Matatu kati ya manne, mwenye nyumba mmoja.

Kutokana na hilo nafika tofauti na nyote wawili. Mleta mada anataka tuhamie ndogo kabisa. Mimi naona kuweka tegemeo lote kwenye saizi moja inayogombaniwa na kila mwenye 9mm ni kujitafutia foleni. Siku ndogo zikikauka, kubwa zitaniokoa. Ninajaza zote mbili, maganda yamekaa kwenye ndoo mbili zenye vifuniko vya rangi tofauti, na sijutii muda wa kuchambua.

Mleta mada

Nimesoma wote, asanteni. Kaka wa Minnesota, tuko pamoja, sikuwahi kugusa bunduki za kuwindia. Msimamo wangu ni wa .45.

Mchumi, hoja ya foleni ina uzito, lakini ichukulie kwa upande wa pili. Kubwa za bastola zinaadimika kwa sababu wanunuzi wake wanapungua, na kiwanda hakiwezi kusimamisha mtambo wa 9mm ili kuwahudumia wenye .44 na .45. Kadiri unavyosubiri kubwa zikuokoe ndivyo zitakavyochelewa zaidi.

Fundi, suala la mashine ndilo zito kuliko yote hapa, na dawa yake ni kuandika. Boksi litamke saizi ya fataki kwa herufi zinazosomeka, na kitako kiwe na alama moja ya kudumu, hata nukta. SAAMI wanaratibu vipimo vya risasi za viwanda vya Marekani, alama ya kitako haiwezi kuwashinda. Hapo mtu ataokota ndoo yake bila kutumbua macho.

Na kwa wanaoanza: ukihama kutoka kubwa kwenda ndogo, usibebe kipimo chako cha zamani cha baruti ukaendelea nacho. Rudi kwenye kitabu cha watengenezaji, anza chini, panda taratibu. Kasi inaweza kubadilika kidogo. Na usidanganyike kwamba fataki ndogo ya bunduki na ndogo ya bastola ni kitu kimoja kwa sababu zinaingia shimo moja. Kikombe cha ya bunduki ni kigumu zaidi, bastola yenye springi laini itagonga mpaka ichoke.

Fundi wa Maganda

Alama ya kitako naiunga mkono kwa mikono miwili. Wakiiweka hata kesho, maganda ya nyuma yapo mamilioni na ndiyo nitakayookota mpaka nizeeke. Kwa hiyo mimi nabaki na kubwa.

Mleta mada, nina ndoo nzima ya ndogo nilizochambua, sina kazi nazo. Wewe una kubwa?

Mleta mada

Ninazo, tena nyingi. Kusafirisha maganda matupu hakuna ada ya vitu hatari kama fataki. Njoo PM, tubadilishane kwa uzito.

Mchumi wa Garaji

Mkipima, toeni fataki zilizokwishatumika kwanza. Kilo za watu zisiwe za takataka.