Naombeni mnieleweshe: ruta, swichi, IP, DNS. Fundi kaniacha njia panda

Bi_Steshenari: Habari zenu wakuu. Nina steshenari Morogoro, kompyuta sita za mezani na printa moja. Nimevutiwa waya wa intaneti wa faiba, kifurushi cha 20 Mbps. Kompyuta tatu na printa ziko hewani, tatu zilizobaki hazina pa kuchomeka. Fundi anasema ninunue swichi, nilipie IP ya kudumu kila mwezi na nibadilishe DNS. Nilikuwa naitikia tu. Halafu mafaili yanashuka kwa MB 2 na ushee kwa sekunde, hiyo 20 iko wapi? Naibiwa?

kebo_na_plaizi: Dada, kwenye swichi fundi yuko sahihi. Kwenye IP anakupiga.

Ruta ndiyo inayounganisha duka lako na kampuni inayokuuzia intaneti. Nyingi zina matundu manne tu ya waya, na yako yameshajaa. Swichi haihusiki na intaneti, yenyewe inaongeza matundu na kupitisha data kati ya mashine na mashine. Waya mmoja unatoka ruta kwenda swichi, vingine vyote unachomeka huko. Ya matundu 8 inakubakizia 7, yaani kompyuta sita na printa kamili. Ukitarajia kuongeza mashine, chukua ya 16.

Sasa IP. Hiyo ni anwani ya kifaa kwenye mtandao. Za ndani, mfano 192.168.1.10, ruta inazigawa yenyewe bila malipo, na kazi hiyo ya kugawa ndiyo inaitwa DHCP. Ya nje inatosha moja kwa duka zima. Chukulia shule na S.L.P. yake: barua zote zinaingia sanduku moja, ofisi ndiyo inajua ipi ya nani. IP ya nje ya kudumu wanalipia wenye seva, yaani kompyuta ya kuhudumia wengine, inayotakiwa kufikiwa kutoka nje. Wewe unajazia watu maombi ya ajira na mikopo ya chuo, ya nini?

mzee_wa_biti: Huibiwi. Mbps ni megabiti, faili linapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. 20 gawa kwa 8 unapata 2.5. Ndiyo hiyo hiyo unayoiona. Kompyuta sita zikishusha kwa pamoja zinagawana hapo hapo.

Chalii wa Kihonda: Swichi karne hii? Weka waifai yote, mambo ya waya ya kizamani.

kebo_na_plaizi: Chalii, kompyuta nyingi za mezani hazina kadi ya waifai, utamnunulia moja moja? Na mashine isiyohama mahali pake ni kwenye waya. Waifai muachie mteja mwenye simu, tena kwa nywila tofauti.

Bi_Steshenari: Asanteni sana. Ila juzi faiba ilikatika mchana kutwa na printa ikaendelea kutoa kazi. Ilikuwaje?

mzee_wa_biti: Kwa sababu mtandao na intaneti ni vitu viwili, ingawa mtaani tunavichanganya. Kompyuta na printa zinaongea ndani ya duka kupitia ruta, huo ndio mtandao wa ndani, LAN. Faiba ikikatika unakosa dunia ya nje tu.

DNS kazi yake ni kugeuza jina la tovuti kuwa namba ya IP. Usiiguse kama haisumbui. Siku intaneti ikigoma, fungua lile dirisha jeusi la amri uandike ping 8.8.8.8, hiyo ni anwani ya Google. Majibu yakirudi lakini tovuti hazifunguki, mshukiwa ni DNS. Yasiporudi, andika ipconfig. Ukiona IP inaanza na 169.254, kompyuta haijagawiwa anwani na ruta, anza kukagua waya.

Bi_Steshenari: Nimeelewa. Kuna ruta ya zamani iko stoo, naweza kuifanya swichi nisinunue?

kebo_na_plaizi: Inawezekana. Ingia kwenye mipangilio yake, zima DHCP, badilisha IP yake isifanane na ya ruta kubwa. Waya wa kutoka ruta kubwa uchomeke kwenye tundu la LAN, siyo lile la WAN, la kuingizia intaneti, lenye rangi yake. Ukisahau kuzima DHCP ruta zote mbili zitagawa anwani, na utatuita tena hapa. Hesabu matundu kwanza: manne na manne ni nane, mawili yanaliwa na waya wa katikati, unabaki na sita. Vifaa vyako ni saba.

Bi_Steshenari: Basi nanunua swichi.