Naomba msaada kutambua bamba la kuchapia stempu

Mrithi_wa_Sanduku: Wakuu habari za jioni. Kwenye sanduku la marehemu baba mkubwa nimekuta bamba la chuma lenye Penny Black moja (ile stempu nyeusi ya kwanza ya Uingereza), kichwa cha Malkia Victoria kabisa, maandishi yamegeuka kama kwenye kioo. Sumaku inashika. Je, ndilo lenyewe la mwaka 1840? Nijibiwe haraka tafadhali, usingizi sipati.

Ngedere_Mstaarabu: Picha iko wapi mkuu? Au tulipapase kwa mawazo?

Mama_Bahasha: Marehemu mume wangu aliacha albamu tatu za stempu. Siku moja mjukuu akazitia zote kwenye beseni la maji, eti anaziosha. Zikabanduka, zikaelea. Mpaka leo nikiona stempu moyo unashtuka. Mwanangu, ndugu zako wanajua kuhusu hilo sanduku?

Fundi_Zinki: Bamba la Penny Black lilikuwa la chuma cha pua, stempu 240 kwa pamoja, safu 20 za stempu 12. Moja peke yake inatia shaka. Mistari imechimbwa au imeinuka? Kimo chake je? Pembeni kuna meno?

Mrithi_wa_Sanduku: Imeinuka. Kimo pamoja na mbao ni milimita 23 na kidogo.

Fundi_Zinki: Mbao?

Mrithi_wa_Sanduku: Limepigiliwa juu ya kipande cha mbao. Sikuona kama ni la kutaja.

Fundi_Zinki: Ndilo la kwanza kutaja! Hicho ni kimo cha herufi za risasi za kuchapia. Kibao cha picha, kama hiki chako cha zinki, hupandishwa kwa mbao kiwe sawa na herufi, vipakwe wino na kuchapwa pamoja kwenye ukurasa mmoja. Penny Black ilikuwa kinyume chake: mistari ilichimbwa, wino ukakaa ndani ya mifereji. Mzee alifanya kazi gani? Na la meno hujajibu.

Mrithi_wa_Sanduku: Alikuwa mpangaji herufi kiwandani, walichapa majarida. Meno yapo pande zote nne. Ila huenda zamani walichapa na meno yake.

Fundi_Zinki: Meno ni mabaki ya vitundu vinavyotobolewa baada ya karatasi kuchapwa. Bamba haliyahitaji. Tena Penny Black ilikatwa kwa mkasi. Uingereza ilianza rasmi kutoa stempu zenye meno 1854. Aliyetengeneza kibao chako alikuwa na Penny Red mbele yake, stempu nyekundu iliyoifuata Penny Black, kichwa ni kilekile. Kibao cha zinki hakionyeshi rangi ya stempu, wewe umejuaje ni nyeusi?

Hakimu_wa_Uzi: Subirini kwanza. Mwanzo chuma, sasa mbao na zinki. Sumaku imeanza lini kushika zinki? Hii ni chai wakuu. Huyu hana bamba wala baba mkubwa.

Mrithi_wa_Sanduku: Baba mkubwa usimguse! Nimerudia kujaribu sasa hivi. Sumaku inashika misumari. Iko minne, mmoja kila pembe, vichwa vimezama chini ya mistari. Katikati sumaku inateleza tu.

Hakimu_wa_Uzi: Haya. Haraka yote hii ya nini?

Mrithi_wa_Sanduku: Kuna mtu ameshatoa kishika uchumba. Nilimwambia ni la 1840. Sikumdanganya, niliamini. Halafu ni mtu mzima, amelishika kwa mikono yake, na mbao ameiona. Hela yenyewe nusu imeshatumika.

Mama_Bahasha: Nilijua tu. Mirathi bado haijagawanywa, mtu ameshaanza kula. Ninyi vijana!

Ngedere_Mstaarabu: Chapa stempu, umrudishie kwa hizo.

Mzee_Lenzi: Msicheke. Sperati, yule mghushi maarufu, alighushi stempu hadi wataalamu wakazipitisha kuwa halali. Mwaka 1954 British Philatelic Association, chama cha wapenda stempu cha Uingereza, wakaona bora wanunue akiba yake yote, aache. Kijana, mpigie mteja wako leo.

Mrithi_wa_Sanduku: Na kama yeye mwenyewe hana shaka, mimi namshtua wa nini?

Fundi_Zinki: Mpigie. Ukishamrudishia, nitafute. Mimi vibao hivi nakusanya.

Mrithi_wa_Sanduku: Kwa bei ya bamba au ya kibao?

Fundi_Zinki: Ya kibao. Na usikisugue, ule wino mkavu ndio utaniambia kilichapa nini.

Mrithi_wa_Sanduku: Nilikisugua juzi mkuu. Kinang'aa kweli.